Maneno ya Kaburi la Déo

Alphonsine alikuwa amekwisha kuyachagua maneno ya kaburi la mumewe tangu juma la kwanza la kilio, na hakumwomba mtu ushauri. Miezi kumi aliyabeba kichwani, akipika nayo, akifua nayo, akisimama nayo kwenye foleni ya maji, ambako siku moja yalimponyoka watu wakasikia. Maneno yenyewe ni haya: *Fonsine, acha taa iwake, niko mu njia.*

Hayakuwa maneno ya padri, hayo. Yalitoka kwenye wimbo. Marehemu Déogratias, mchana alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa ovaroli na mafuta ya mashine. Jumamosi jioni alikuwa mtu mwingine kabisa: Déo Gitare, mpiga solo wa orkestra ndogo ya Kikula, mtaa wao hapa Likasi, shati la maua, viatu vinang'aa. Alikuwa akichelewa kurudi, na Alphonsine alikuwa akizima taa makusudi ili ajigonge miguu gizani. Basi siku moja, badala ya kuomba radhi kama watu wenye adabu, bwana huyo akamtungia wimbo. Kikula nzima ikaucheza, harusini, kwenye ubatizo, mpaka kwenye sikukuu za wafanyakazi. Hata leo Alphonsine akipita sokoni wapo wazee wanaomwimbia nusu ya mstari, naye hujifanya hasikii, na kumbe masikio yote yako huko.

Sasa shida ilikuwa na jina, na jina lake Stéphanie.

Stéphanie ni binti yao, mtoto wao mmoja tu. Ameolewa Kamatanda na Merdi, kijana wa kanisa la uamsho, ambaye wiki nzima anachimba madini na Jumapili anasali mpaka sauti inakauka. Mwezi wa sita alimpigia mama yake simu, na hakuzunguka.

"Mama, nimesikia unataka baandike ile wimbo ya bar juu ya kaburi ya papa. Bakiiandika, minye na batoto hatutafika tena pale. Mufu harudi ku nyumba, mama. Kusema iko mu njia, ile ni kuita mashetani."

Alphonsine alikata simu bila kuaga. Alikasirika siku ile, na siku iliyofuata aliogopa. Wajukuu anao watatu tu, wote wa Stéphanie. Kaburi ambalo wajukuu hawafiki litaota majani, na yeye mwenyewe magoti yamekwisha kuchoka, hataweza kuendelea kufika huko milele. Lakini kaburi lisilo na wimbo, je, mtu atajua nani amelala pale? Alimtaka Déo wake na alimtaka binti yake, na kila alivyopindua jambo hilo aliona lazima ampoteze mmoja. Usingizi ukawa wa shida.

Siku yenyewe ilikuwa inakuja. Tarehe mosi ya mwezi wa nane ndiyo siku ya wazazi kwetu, wazazi walio hai na wale waliotangulia. Asubuhi watu wote wanamiminika malaloni, makaburini yaani, na majembe, mafagio na makopo ya rangi. Wanang'oa majani, wanapaka makaburi upya, wanawapigia wazee wao stori kidogo, halafu mchana wanarudi nyumbani kula. Ukoo wa Déo uliamua kuutoa msiba, yaani kumaliza matanga, siku hiyo hiyo, na kaburi lazima liwe limekwisha. Ndiyo maana tarehe thelathini na moja ya mwezi wa saba, saa za mchana, Alphonsine alikuwa anapita kati ya makaburi, kitambaa cheusi kichwani, vumbi la kiangazi mpaka kwenye nyusi.

Alipenda kuyasoma makaburi, huyu mama. Wengine wanapita pale wameinamisha macho, yeye anasoma kama mtu aliyeingia kwa jirani akawa anaangalia picha ukutani. Kuna dereva mmoja, wanawe wamemwekea usukani wa simenti mahali pa msalaba. Kuna mama Albertine aliyeuza samaki miaka na miaka, kaburi lake limepambwa vipande vya sahani zilizovunjika, na katikati vipande vimepangwa vikawa samaki wa bluu mwenye jicho jekundu. Chini yake wameandika: *Hakumunyima muntu.* Alphonsine hakumjua mama Albertine, lakini kila akifika pale anatabasamu. Halafu kuna mengine, mengi, mistari na mistari, *Apumzike kwa amani*, *Apumzike kwa amani*, *Apumzike kwa amani*. Hayo yanamtia hasira. Apumzike nani? Alicheka namna gani? Aliogopa nini? Utafikiri wamezikwa watu walewale.

Kwenye kaburi la Déo alimkuta Kazadi tayari amevua shati. Kazadi ni mwashi wa makaburi, mtu mrefu, mkimya mpaka umkorofishe. Alikuwa ameweka matofali tangu juzi, na sasa anapiga plasta, simenti imechanganywa na chokaa ya machimbo ya Kakontwe ili iwe nyeupe na laini. Namna yake ya kufanya kazi kila mtu Likasi anaijua: anasawazisha plasta mpaka inang'aa, anaingoja ishike kidogo, anaweka ubao ulionyooka, halafu kwa msumari mrefu anaandika mumo humo ndani ya ubichi wake. Ikikauka, maneno yamekaa. Wajukuu wa wajukuu watayasoma.

"Mama Fonsine, jambo," akasema Kazadi bila kuinua kichwa. "Jina na tarehe minye iko nazo. Maneno ya chini muniambie mbio. Na hii mupepo, simenti haitangoja."

"Maneno iko tayari," akasema Alphonsine, na akafungua kinywa.

"Iko tayari, ndiyo," ikasema sauti nyuma yake. "Apumzike kwa amani."

Alikuwa Hilaire, mdogo wake marehemu, shemeji yake Alphonsine, au kama tunavyosema huku, bulamu wake. Mwanakwaya wa parokia, koti limefungwa vifungo vyote hata kwenye vumbi lile.

"Bulamu, ile umeitoa wapi?" akauliza Alphonsine.

"Nimeitoa mu Kanisa. Déo alibatizwa, alifunga ndoa ku misa, alizikwa na padri. Tulitumikiaka altare pamoja, minye na ye, batoto badogo, soksi nyeupe. Hapa si ku bar, Mama Stéphanie."

"Soksi nyeupe! Muntu ya miaka sitini na tano, weye unamukumbuka na soksi!"

"Na weye unamukumbuka na gitare tu!"

Kazadi akapitisha mwiko juu ya plasta, taratibu. "Iko nashika," akasema. Hakuna aliyemsikia.

Na hapo ndipo Stéphanie alipotokea, kutoka upande wa barabara, ameshuka pikipiki, kitenge kimejaa vumbi. Alikuja peke yake. Alimpa mama yake mkono badala ya kumkumbatia, na Alphonsine aliona tofauti hiyo na ikamuuma.

"Nimekuya mbele ya maneno kuandikwa," akasema Stéphanie. "Minye iko na mustari ya Zaburi. Ile ya bonde ya giza. Papa ataandikiwa Neno ya Mungu, basi."

"Zaburi yote hii itaenea wapi?" akauliza Hilaire. "Kaburi ni ndogo. Apumzike kwa amani ni maneno tatu, inatosha, na ni ya Mungu vilevile."

"Ni ya desturi, Papa Hilaire. Haiko mu Biblia vile."

"Ah bon! Sasa minye njo mupagani?"

"Sikusema vile."

"Umesema!"

Alphonsine akapiga makofi mara moja, pa! "Nyamazeni beye babili! Nani alilala na huyu muntu miaka makumi ine? Hilaire? Stéphanie? Minye njo bibi yake. Wimbo alinitungia minye, jina yangu iko ndani. Kazadi, andika: Fonsine, acha taa..."

"Mama, ukisema vile naenda!" Stéphanie alikuwa amekwisha kugeuka nusu. "Unataka batoto yangu basome hapa eti papa, nkambo yao, iko mu njia anarudia ku nyumba usiku? Batalala namna gani? Utabaeleza nini?"

"Nitabaeleza nkambo yao alikuwaka mucheshi! Kitu chenye weye umesahau!"

Hilo lilikuwa neno baya, na Alphonsine alijua alipolitoa. Stéphanie akalipuka, na Hilaire naye akalipuka, na wote watatu wakasema kwa pamoja. Yakatoka ya ubatizo na ya ndoa, yakatoka ya Merdi kukataa kunywa hata maji mezani pa Hilaire sikukuu ya Noeli, yakatoka ya nani alilia zaidi siku ya mazishi. Watu waliokuwa wanafyeka makaburi ya jirani wakaacha kufyeka. Mama mmoja akakaa kabisa juu ya ukingo ili asikie vizuri. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma mkavu, na jua lilikuwa linapiga juu ya ile plasta nyeupe, na Kazadi alisema "Iko nakauka" mara ya kwanza, akasema mara ya pili, mara ya tatu akatupa mwiko wake ndani ya ndoo.

"Bon," akasema kwa sauti kubwa.

Wakamgeukia. Kazadi alichukua msumari wake, akauweka juu ya plasta, chini ya jina na tarehe ambazo alikuwa ameziandika mwenyewe kimyakimya wao wakigombana. Akakaza mkono. Msumari ukalia *krrr*, ukaacha mkwaruzo mweupe mwembamba, basi. Akajaribu tena pembeni. *Krrr.*

"Imekwisha," akasema. "Haingii tena."

"Namna gani haingii?" akauliza Hilaire.

"Papa, minye niliwaambia. Sasa ni jiwe."

"Vunja, upige ingine!"

"Na simenti gani? Mufuko imekwisha. Na ata ikuwe iko, kesho asubui bantu bote bako hapa, haitakauka muzuri, itapasuka. Bakiona mupasuko, batasema ni Kazadi hajue kazi."

Wakasimama wote, wanaangalia. *DÉOGRATIAS*, na tarehe mbili, na chini yake uwanja mtupu, laini kama sahani iliyooshwa. Si wimbo, si Zaburi, wala *Apumzike kwa amani*.

Alphonsine akakaa chini pale pale kwenye udongo. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama siku ya kwanza. "Tumemunyamazisha," akasema. "Muntu mwenye aliimba maisha yake yote, na sisi tumemunyamazisha na makelele yetu. Yo, Déo! Unisamehe, bwana yangu!"

Hilaire alifungua kifungo cha juu cha koti lake, akakifunga tena. Stéphanie akapiga magoti karibu na mama yake, na alipoanza kusema hakuwa anapigana tena.

"Mama, ile Zaburi sikuitoa ku kanisa. Ni papa njo aliiomba."

"Aliiomba wapi?"

"Ku hopital. Mangaribi, weye ukirudia ku nyumba kupika, minye nilibakia naye. Alikuwa anaogopa, mama. Weye akikuona alikuwa anakuchekesha, unakumbuka? Ukitoka, anageukia ukuta. Siku moja akaniambia, mwana wangu, nisomee kitu. Nikasoma ile. Akaniambia rudia. Kila mangaribi, rudia, mpaka analala, mukono yake mu mukono yangu. Siku ya mwisho midomo yake ilikuwa inafuata pamoja na minye. Sikukuambia, juu alinikataza. Alisema, mama yako asijue naogopa."

Alphonsine aliacha kulia. Alimwangalia binti yake kama mtu anayeangalia chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe ambacho hajawahi kukiingia. Wivu ulimpanda, tuseme ukweli. Miaka arobaini na miwili, na mtu huyo alienda kuogopa kwa mwingine! Halafu wivu ukashuka, na kilichobaki kilikuwa kumuonea huruma Déo, aliyetumia nguvu zake za mwisho kumchekesha mkewe, na kumuonea huruma huyu mtoto, aliyeubeba mzigo huo miezi kumi huku mama yake akimwita mtu asiyecheka. Akamshika Stéphanie shingoni, akamvuta, wakakaa hivyo, vumbi na machozi.

Hilaire akapenga makamasi ndani ya leso. "Na minye nilikuwa nasema juu ya soksi," akanung'unika.

Kazadi ndiye aliyekohoa. Alikuwa anaosha mwiko wake, anaonekana mwenye aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyegombana. "Rangi inaweza," akasema. "Juu ya hii plasta rangi nyeusi itashika muzuri. Lakini minye siipendi, juu mvua itaiosha. Krismasi inaanza kufifia, Pasaka hakuna kitu. Kila mwaka lazima mupake tena."

"Kila mwaka," akarudia Alphonsine.

"Ndiyo, mama. Kama bale," na akaonyesha kwa kidevu wale waliokuwa wakipaka msalaba wa kaburi la jirani rangi ya fedha.

Alphonsine alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Aliwakazia macho wapakaji wale, na Stéphanie akamjua, akajua kuna kitu kinapikwa mle ndani.

"Sasa sikilizeni," akasema hatimaye. "Kila mwaka tarehe moja ya mwezi wa munane tunakuya hapa, tukipenda tusipende. Majani tutang'oa. Rangi tutapaka. Na mvua itafanya kazi yake. Sasa kwa nini tugombane kama bantu benye banaandika mara moja tu? Mwaka moja ataandika huyu, mwaka ingine ataandika yule."

"Kwa zamu?" Hilaire akashangaa. "Kaburi kwa zamu? Bantu batasema nini?"

"Batasema Déo iko na bantu." Akamgeukia binti yake. "Na mwaka ingine ikiwa zamu ya wimbo yangu, utafika? Niambie ukweli, usinidanganye sababu ya machozi."

Stéphanie alikung'uta vumbi kwenye kitenge. Ilionekana swali linapita ndani yake mahali pagumu. "Sitaisoma kwa sauti," akasema. "Na Merdi nitaongea naye, siwezi kumujibia. Lakini minye nitafika. Na batoto bataona ni wimbo papa aliimbiaka mama. Nitabaeleza vile."

Hiyo haikuwa ndiyo ya furaha, lakini ilikuwa ndiyo. Alphonsine aliipokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa kwanza ulikuwa haki ya mjane, hilo kila mtu pale alilijua, hata Hilaire alikuwa amekwisha kusogea pembeni kumpisha. Maneno yake ya miezi kumi yalikuwa pale, ulimini. Alphonsine akayameza.

"Anza weye," akamwambia Stéphanie. "Kesho. Ile ya bonde ya giza. Aliiomba mwenyewe."

Kesho yake asubuhi malalo yalijaa watu. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa nane, watu wamevaa majaketi, watoto wanakimbizana kati ya misalaba, moshi wa majani yanayochomwa umetanda. Padri alikuja, akabariki, akaenda kwa wengine. Kitambaa cheusi cha Alphonsine kikavuliwa, akafungwa kingine, cha kijani, na wanawake wakapiga vigelegele. Stéphanie alifika na watoto wote watatu. Merdi alifika pia. Alisimama mbali kidogo, chini ya jua, mikono nyuma, lakini alifika, na mkubwa wa watoto alikuwa amebeba kopo la rangi.

Stéphanie alikunja kitenge, akapiga magoti mbele ya kaburi, Biblia imefunguliwa juu ya tofali ili asikosee. Kazadi alimchorea mistari kwa chaki, akamwonyesha namna ya kushika brashi, asiizamishe sana, asikimbie. Akaanza. Neno la kwanza lilitoka limepinda. La pili likanyooka. Watoto wakatulia, wanamwangalia mama yao anavyotoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, na Alphonsine aliyekuwa amekaa karibu alijua ulimi ule, ni wa Déo akikaza nyuzi za gitaa.

Kisha akasikia kitu. Mwanzoni alifikiri kinatoka mbali, kwa watu wengine. Akainama mbele.

Kilikuwa kinatoka kwa Stéphanie. Hakuimba, kinywa kilikuwa kimefungwa. Sauti ilikuwa inapitia puani, ndogo, ile wanawake wanayoitoa wakichambua mchele na akili iko kwingine. Mkono ulikuwa unaandika Zaburi, herufi kwa herufi, na brashi ilikuwa inashuka na kupanda kwa mwendo wa ule wimbo. Ule ule, wa taa. Tena si kiitikio kile cha kila mtu, ulikuwa ule mzunguko wa gitaa wa katikati, ambao Déo alikuwa akiupiga jioni uani akiwa na mtoto wake mdogo mapajani. Hajui. Ilikuwa wazi kabisa kwamba hajui ni wimbo gani unamtoka.

Hilaire naye alisikia. Alphonsine aliona macho yake yanapanuka, mdomo unafunguka, uso wote unataka kusema.

Akamkanyaga mguu, na akakaza.

"Mama Stéphanie, unasikia..." Hilaire akanong'ona kwa maumivu.

"Nasikia. Nyamaza, bulamu. Ukisema ataacha."

Hilaire akanyamaza. Brashi iliingia ndani ya kopo, ikatoka, ikaanza mstari wa pili. Alphonsine alikuwa hajui kusoma kichwa chini miguu juu, na Biblia ilikuwa imegeukia upande wa binti yake. Akanyoosha shingo hata hivyo, ajaribu kuhesabu maneno yaliyobaki, na akamwomba Mungu kwa moyo wote yawe mengi.